Mwongozo kamili: kuchagua aina ya jaribio la saikolojia na kuliendesha hadi mwisho

Kila mwaka wanachuo wa Mtwara na Lindi huniletea mapendekezo ya utafiti yenye kosa lilelile. Juu pameandikwa "jaribio", ndani mna hojaji ya maswali ishirini. Au mtu amelinganisha wanafunzi wa bweni na wa kutwa, kisha akaandika kwamba bweni "limesababisha" alama nzuri. Msimamizi anairudisha kazi, mwanachuo anabadilisha maneno mawili matatu, inakataliwa tena.

Tatizo haliko kwenye maneno. Liko kwenye swali moja ambalo halikuulizwa mwanzoni: ni nani aliyepanga mshiriki huyu awe kundi hili na si lile? Jibu la swali hilo ndilo linalotaja aina ya jaribio, na ndilo linaloamua ni sentensi gani una haki ya kuiandika mwishoni. Nitalishika swali hilo kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Daftari moja la jaribio tu. Kila kitu kinaingia humo, hata umeme ukikatika.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na kinasa sauti.
- Karatasi nyeupe, mkasi, na kopo lisiloonyesha ndani. La maziwa ya unga linatosha.
- Bahasha za kutosha, moja kwa kila mshiriki.
- Spika ndogo, kama jaribio lako lina sauti.
- Fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi.
- Maelekezo kwa washiriki, yaliyoandikwa neno kwa neno.
- Fomu ya kurekodia matokeo yenye namba za washiriki, bila majina.
- Chumba kimoja ambacho utakipata saa zilezile kwa siku kadhaa.
- Barua ya utambulisho kutoka chuoni.
- Msaidizi mmoja asiyejua unatarajia matokeo gani.

Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka, nami nakisisitiza kuliko vyote. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwagawia wanafunzi panya wa kawaida. Wengine waliambiwa panya wao ni wa kizazi chenye akili, wengine wakaambiwa wao wamepewa wazito. Panya walioitwa wenye akili wakafanya vizuri zaidi kwenye kazi ya kutafuta njia. Kama matarajio ya mtu yanamfikia panya, yatamfikia mwanachuo mwenzako anayekutazama usoni. Kwa hiyo anayepima awe mtu ambaye hajui mshiriki yuko kundi gani, au walau hajui wewe unaombea kundi gani lishinde.

## Hatua ya 1: Andika swali lenye vitu viwili tu

"Athari za muziki kwa wanafunzi" ni kichwa cha habari, bado si swali. Muziki upi? Athari juu ya nini? Utaihesabuje?

Geuza hivi: "Je, mwanachuo anayesikia singeli wakati wa kukariri hukumbuka maneno machache kuliko anayekariri kwenye ukimya?"

Sasa una vitu viwili. Kile unachokibadilisha wewe, yaani singeli au ukimya, ni kigeu huru. Kile unachokihesabu, yaani idadi ya maneno yaliyokumbukwa kati ya 20, ni kigeu tegemezi. Chini yake andika nadharia tete yako kwa mstari mmoja, ukitaja upande unaoutarajia.

Utajua umefaulu ukimsomea swali hilo jirani asiyesoma saikolojia, naye akakuambia bila kusaidiwa utabadilisha nini na utahesabu nini. Akisita, rudi kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Jibu swali la "nani alipanga?"

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

### Umepanga wewe, kwa kura, ndani ya chumba chako: jaribio la maabara

Maabara ya saikolojia haihitaji mashine. Darasa tupu lenye madirisha yanayofungika ni maabara, mradi wewe ndiye unayeamua mwanga, sauti, saa na nani aende wapi.

Nguvu yake ni kwamba unaweza kusema "kimesababisha". Udhaifu wake ni kwamba watu wanajua wanapimwa, na kukariri maneno 20 chumbani si sawa na kusomea mtihani bwenini. Elizabeth Loftus na John Palmer mwaka 1974 waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walichobadilisha ni kitenzi kimoja tu kwenye swali. Waliosikia kitenzi kizito cha kugongana kwa kishindo walikadiria mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi laini cha kugusana. Filamu zilikuwa zilezile. Usafi huo unapatikana maabara. Lakini kuangalia filamu umekaa kwenye kiti ni tofauti na kusimama kando ya barabara gari likipinduka mbele yako, na jambo hilo linatakiwa liandikwe kwenye sehemu ya upungufu wa utafiti.

### Umepanga wewe, lakini mahali pa watu: jaribio la uwandani

Hapa unatoka chumbani. Bado wewe ndiye unayebadilisha kigeu huru, ila washiriki wako kwenye shughuli zao na mara nyingi hawajui kwamba wanaangaliwa.

Mfano maarufu ni wa Irving Piliavin, Judith Rodin na Jane Piliavin, mwaka 1969, ndani ya treni ya New York. Mtu wao alianguka ndani ya behewa, safari nyingine akiwa na fimbo ya mgonjwa, safari nyingine akinuka pombe na kushika chupa. Mwenye fimbo alisaidiwa na abiria wenyewe mara 62 kati ya 65. Aliyeonekana mlevi alisaidiwa mara 19 kati ya 38.

Usiende kumwangusha mtu kwenye kivuko cha Msanga Mkuu. Kuna swali zuri zaidi la kwetu, tena halimtishi mtu. Sisi tunasema bila salamu hupati kitu. Je, ni kweli? Kijana mmoja asimame karibu na stendi na kumuuliza mtu mzima njia ya kwenda sokoni. Mara nyingine aanze: "Shikamoo. Habari za asubuhi? Samahani, naomba kuelekezwa sokoni." Mara nyingine aanze moja kwa moja: "Samahani, naomba kuelekezwa sokoni." Msaidizi aliyekaa kibandani anahesabu sekunde alizosimama yule mtu kuelekeza, na anaandika kama alinyoosha mkono tu au alisindikiza hatua chache.

Kuna mtego hapo. Ukiachiwa uchague, utawasalimia wenye sura za upole na kuwaparamia wenye haraka. Basi weka sheria mbili. Anayeulizwa ni kila mtu mzima wa tano anayepita chini ya mwarobaini fulani, awe nani. Na salamu au kutosalimu kunaamuliwa na sarafu unayoirusha kabla ya kumwona mtu huyo: upande wa kichwa salamu, upande wa mnyama hakuna salamu. Bila sheria hizo mbili, aliyepanga ni moyo wako.

### Maisha ndiyo yaliyopanga: jaribio la asili

Wakati mwingine tukio linatokea lenyewe, na wewe unapima kabla na baada, au mahali lilipofika na mahali lisipofika. Umeme umeingia kijiji kimoja haujaingia cha jirani. Mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zimekata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Hakuna mtafiti ambaye angeweza, wala aliyepaswa, kuvisababisha.

Kwa mkoa wetu, jaribio la asili tunalo kila mwaka: msimu wa korosho. Miezi ya kupulizia salfa mfuko ni mtupu na madeni yamesimama. Mnada ukishapita na malipo yakaingia, mtu yuleyule analala vizuri. Je, kichwa chake kinafanya kazi sawasawa vipindi vyote viwili?

Swali la namna hiyo limeulizwa India. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha utafiti wa wakulima 464 wa miwa kutoka vijiji 54 vya Tamil Nadu. Mkulima yuleyule alipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, akiwa na dhiki, na baada ya mavuno, akiwa na fedha. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Mtu makini atauliza hapohapo: si kwa sababu mara ya pili walikuwa wameshauzoea mtihani? Watafiti walikuwa wamelifikiria. Waliweka pembeni wakulima 100 waliochaguliwa kwa bahati, wakawapima kwa mara ya kwanza baada ya mavuno.

Mwanachuo wa Newala, Tandahimba au Ruangwa ana jambo hili mlangoni kwake, na mara nyingi baba yake ni mmoja wa wale wakulima. Mtu wa Dar es Salaam atalisafiria. Natamani sana nione kazi ya namna hii kutoka huku.

Onyo: tukio halikutokea peke yake. Malipo ya korosho huja pamoja na sherehe, wageni, chakula bora na mapumziko. Andika yote yaliyobadilika, si fedha tu.

### Mshiriki amekuja na kundi lake: nusu-jaribio

Mvulana au msichana. Bweni au kutwa. Aliyechezwa unyago na ambaye bado. Mzaliwa wa Mikindani na mzaliwa wa Masasi. Hayo huwezi kuyapigia kura. Unaweza kuendesha kila kitu kwa usafi wa maabara, lakini makundi yamekuja yamejipanga.

Hili ndilo linaloangusha wengi, kwa sababu kwa macho linafanana kabisa na jaribio kamili. Chumba kipo, saa ipo, maelekezo yapo. Kinachokosekana ni kura tu. Nawe usipoipiga, kila tofauti iliyokuja na mtu inabaki ndani ya kundi. Mwanafunzi wa bweni pengine ana mzazi mwenye kipato zaidi, hatembei kilomita nne kila asubuhi, na jioni ana taa ya kusomea. Alama zake zinatokana na kipi?

Utafiti wa namna hii unaruhusiwa na una heshima yake. Unachokatazwa ni neno "kusababisha". Andika "kuhusiana" au "kutofautiana".

### Hakuna aliyebadilisha chochote: hilo si jaribio

Umegawa hojaji, ukauliza saa za kulala na alama za mtihani, ukaona vinakwenda pamoja. Huo ni uchunguzi wa uhusiano. Liondoe neno "jaribio" kwenye kichwa na kazi yako itapita.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kuandika mstari mmoja usio na shaka: "Aliyepanga makundi ni ______, kwa njia ya ______." Uandike kwenye jalada la daftari.

## Hatua ya 3: Amua kama mtu anapimwa mara moja au mara mbili

Una njia tatu.

Ya kwanza, makundi mawili ya watu tofauti. Ni rahisi, hakuna anayechoka, lakini unahitaji watu wengi. Ukitarajia tofauti kubwa, panga kupata watu 26 kila kundi. Ukitarajia tofauti ya wastani, watu 64 kila kundi. Hizo ndizo namba zinazokupa uwezekano wa 80% wa kuiona tofauti iliyopo, kwa kipimo cha kawaida cha 0.05, ambacho nitakieleza hatua ya 9. Wanaokuja na watu wanane wanane wanapoteza muda wao na wa washiriki.

Ya pili, watu walewale hali zote. Duncan Godden na Alan Baddeley, mwaka 1975, walifanya hivi na wapiga mbizi 18 huko Scotland. Kila mmoja alijifunza maneno nchi kavu au chini ya maji, akayakumbuka nchi kavu au chini ya maji, hali zote nne, kwa siku tofauti. Walipokumbukia mahali palepale walipojifunzia walipata maneno mengi zaidi. Watu 18 walitosha kwa sababu kila mtu alilinganishwa na nafsi yake.

Hatari ya njia hii ni mfuatano. Mara ya pili mtu amezoea, au amechoka. Dawa yake: nusu ya washiriki waanze na ukimya kisha singeli, nusu nyingine waanze na singeli kisha ukimya. Na orodha ya maneno ya mara ya pili iwe nyingine.

Ya tatu, kuwapanga wawili wawili wanaofanana, mathalani umri na alama za kidato cha nne, kisha kura inaamua yupi aende wapi. Inachosha kuipanga. Sikushauri kwa jaribio lako la kwanza.

## Hatua ya 4: Piga kura, usigawe kwa macho

Chukua kopo lako. Kwa washiriki 52, kata vipande 52 vya karatasi vinavyolingana. Vipande 26 andika "U" ya ukimya, 26 andika "S" ya singeli. Kunja kila kipande mara mbili kwa namna ileile, kwa sababu kilichokunjwa ovyo kinatambulika kwa kidole. Tia koponi, funika, tikisa.

Sasa andaa bahasha zenye namba 01 hadi 52. Toa kipande kimoja, bila kukifungua kitie kwenye bahasha 01, gundisha. Endelea hadi 52. Weka bahasha kwa mfuatano. Mshiriki wa kwanza kufika anapata 01, wa pili 02. Bahasha inafunguliwa akiwa ameshasaini fomu ya ridhaa, si kabla.

Kwa nini bahasha ifungwe? Kwa sababu ukijua inayofuata ni "S" na mlangoni anakuja rafiki yako mwerevu, utamwambia asubiri kidogo. Hutakusudia ubaya. Utafanya tu.

Njia zifuatazo si kura, hata zikionekana za haki: waliokaa kulia na waliokaa kushoto, waliofika mapema na waliochelewa, darasa A na darasa B, wa asubuhi na wa mchana.

Hiyo ya mwisho ilinigharimu. Nilisimamia kundi lililowapima watu wa ukimya saa mbili asubuhi na watu wa muziki saa nane mchana, chini ya bati, mwezi Desemba, feni imesimama kwa kukosa umeme. Tofauti ilikuwa kubwa na kila mtu alifurahi. Usiku nikasoma daftari la matukio. Hatukuwa na njia ya kujua kama tumepima muziki au joto. Nilipaswa kuiona ratiba ile kabla, na vijana wale walirudia kazi ya wiki tatu.

Mafanikio ya hatua hii: mtu akikuuliza kwa nini Asha yuko kundi la singeli, jibu pekee ulilonalo ni "kopo".

## Hatua ya 5: Kaza kila kitu kisichokuwa swali lako

Kila kinachotofautiana kati ya makundi, nje ya kigeu huru, kitakuibia jibu. Kaa na maneno kwanza.

Chagua majina ya vitu yanayojulikana na kila mtu, yenye silabi mbili hadi nne. Orodha ya kwanza ya mwanachuo mmoja ilikuwa hivi: korosho, gunia, mnada, ufunguo, mkeka, sabuni na kadhalika. Itazame kwa macho ya mtu wa huku. Korosho, gunia na mnada ni fungu moja. Anayekumbuka moja amezivuta zote tatu, na orodha yako ya maneno 20 imekuwa ya maneno 18. Tulibakiza "korosho", tukaweka "mwavuli" na "daraja" mahali pa zile mbili. Kila orodha isomee watu wawili watatu wa mtaani na uwaulize maneno gani yanafuatana kichwani.

Kisha rekodi sauti ya mtu mmoja akisoma maneno hayo, neno moja kila sekunde mbili. Makundi yote yasikie rekodi ileile. Ukisoma mwenyewe kila mara, sauti yako ya jioni haitakuwa ya asubuhi. Singeli itoke kwenye spika iliyokaa sehemu moja, ukubwa wa sauti uleule, na isizime kabisa rekodi ya maneno. Ukizima maneno umepima masikio.

Baada ya neno la mwisho usiwaache waandike papo hapo. Waambie wahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu kutoka 300, kwa sekunde 30. Murray Glanzer na Anita Cunitz walionyesha mwaka 1966 kwamba maneno ya mwisho ya orodha hukumbukwa kwa urahisi kwa kuwa bado yako mdomoni, na sekunde 30 za kuhesabu zinaifuta faida hiyo. Ndipo unapopima kumbukumbu iliyokaa.

Lugha nayo uiangalie. Ukiwa na wazee wanaoelewa zaidi Kimakonde, Kiyao au Kimwera, maelekezo yatafsiriwe kwa makundi yote mawili na mtu yuleyule.

## Hatua ya 6: Vibali na ridhaa

Barua huanzia chuoni, ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata au kijiji, au kwa mwalimu mkuu. Anza mapema. Mtu akiwa safarini Dodoma, barua inamsubiri. Utafiti unaogusa afya una kamati yake ya maadili, na msimamizi wako ndiye atakayekuelekeza.

Kwa sheria zetu mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Mwanafunzi wa sekondari anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe aulizwe kama anapenda. Akisema hapendi, imeisha, hata mzazi awe amesaini. Majina yakae mbali na matokeo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe pia.

Fomu ya ridhaa iseme tutafanya nini, dakika ngapi, na kwamba unaweza kuondoka wakati wowote bila kuulizwa. Haihitaji kutaja nadharia tete, lakini haipaswi kusema uongo.

Stanley Milgram, mwaka 1963, aliwaaminisha watu 40 kwamba wanamchoma mwenzao kwa umeme. 26 kati yao walifika volti 450, wengine wakitetemeka na kutokwa jasho. Hakuna aliyechomwa kweli, lakini waliotetemeka walitetemeka kweli. Kama jaribio lako linamfanya mtu aondoke akijiona mjinga, mwoga au mbaya, tafuta swali jingine.

Kwa jaribio la uwandani huwezi kuomba ridhaa kabla. Basi ulichomfanyia mtu kisizidi kile ambacho mpita njia yeyote angemfanyia. Kuulizwa njia kunapita mtihani huo. Kudanganywa kwamba mtoto amepotea hakupiti.

## Hatua ya 7: Jaribu na watu watano

Watu hawa hawaingii kwenye matokeo. Unatafuta vitu viwili.

Kwanza, alama zisigonge dari wala sakafu. Wote wakikumbuka maneno 19 kati ya 20, muziki hautakuwa na pa kushushia. Ongeza maneno au punguza muda. Pili, muulize kila mmoja: "Unadhani tulikuwa tunapima nini?" Wakitaja nadharia tete yako neno kwa neno, maelekezo yako yanavujisha.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Changanya makundi ndani ya kila kipindi, asubuhi wawepo wa ukimya na wa singeli, mchana vilevile. Panga saa zisizogongana na adhana au kengele ya shule. Soma maelekezo kutoka kwenye karatasi hata kama umeyakariri.

Kitu kikitokea, andika saa na namba ya mshiriki: "Na. 17, saa 4:20, bodaboda imepiga honi ndefu dirishani." Usimfute mshiriki siku hiyo. Sheria ya nani aondolewe iandikwe kabla ya kuanza, la sivyo utawaondoa wanaokuharibia matokeo.

Akimaliza, mweleze kila kitu: tulikuwa tunatafuta nini, alikuwa kundi gani, na kwamba kusahau maneno hakusemi lolote kuhusu akili yake. Hili lifanyike kabla hajainuka kwenye kiti.

## Hatua ya 9: Hesabu, kisha andika sentensi unayostahili

Anayesahihisha asione kundi. Karatasi ziwe na namba tu, orodha ya bahasha iwe imefungiwa kwingine.

Ingiza alama za ukimya safu ya A na za singeli safu ya B kwenye Excel. Tafuta wastani wa kila safu. Halafu, kwa makundi mawili ya watu tofauti, andika =T.TEST(A2:A27,B2:B27,2,3). Kama ni watu walewale mara mbili, namba ya mwisho iwe 1, na kila mstari uwe wa mtu mmoja. Jibu likiwa chini ya 0.05, tofauti kubwa namna hiyo ingekuwa nadra kujitokeza kwa bahati tupu. Likiwa juu ya hapo, andika hivyohivyo. Umejibu swali, na msimamizi mwenye busara hatakuangusha kwa jibu la hapana.

Sasa rudi kwenye jalada la daftari, usome mstari wa hatua ya pili, uchague sentensi.

Ulipiga kura chumbani: "Singeli ilipunguza idadi ya maneno yaliyokumbukwa na wanachuo hawa, chini ya masharti haya."

Ulirusha sarafu stendi: "Salamu iliongeza muda ambao wapita njia wa eneo hili walitumia kuelekeza."

Maisha yalipanga: "Baada ya malipo ya korosho alama zilipanda; vitu vingine vilivyobadilika kipindi hicho ni hivi."

Walikuja na makundi yao: "Wanafunzi wa bweni na wa kutwa walitofautiana."

Iandike sentensi yako ya matokeo kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, bila jina la mtu, uibandike kwenye ubao wa matangazo wa bweni walikotoka washiriki wako. Chini yake weka namba ya chumba chako, maana watakuja kuuliza.